Paji ya Tatu

Siku ya kwanza, 8/9/2025

Butembo. Nimenunua kaye hii ya kuandika leo, juu inaomba nizoeshe mukono. Miaka kumi na moja siandikake kitu ya kupita jina ya mutu na ubovu ya chombo yake kwa kipande ya karatasi — radio inakatika, telefone haiingize moto. Njo kazi yangu hiyo, kutengeneza ba radio na ba telefone pale Mutiri. Kaye hii ni ya mimi peke.

Asubuhi nilienda kwa antenne, bureau yenye inashugulikia ba invalides ya jeshi. Kwa dirisha ya kwanza, mama moja hakuangalia hata karatasi yangu. Anauliza: Mume yako alikufia wapi? Nikamuambia sina mume. Anasema: Donc ni baba yako. Nikamuambia: Maman, mwenye aliumia ni mimi. Caporal Jokébed Vagheni, opératrice ya transmissions. Akaniangalia kuanzia kichwa mupaka kwa viatu, akanituma mulango ya pili.

Mulango ya pili, adjudant Luc. Mutu ya miaka makumi tano na kitu, miwani yake inafungwa na kamba. Yeye anasikilizaka. Akanieleza: ma dossier yetu yote ilibakia Goma, na Goma hatuna tena namna ya kuifikia juu ya vita. Donc kila mutu mwenye aliumia kazini anaandika upya récit yake, habari yake mwenyewe, kwa karatasi paji tatu. Ya kwanza: we ni nani. Ya pili: uliumia namna gani. Ya tatu: unaishi namna gani leo. Unaleta mushuhuda moja ya siku ile, na maneno ya mutu moja mwenye unaishi naye. Kisha commission, ile inaamua malipo ya kila moja, itaikala Beni, tarehe mbili ya mwezi ya kumi.

Nikauliza: Na karatasi ya hopitali? Ninayo moja. Akaisoma. Fracture du bassin. Anasema: Hii inasema mufupa ya kiuno ilivunjika. Juu yako wewe haisemi kitu. Andika.

Nitaandika.

Siku ya tatu, 10/9

Paji ya kwanza imeisha. Jina, baba, mama, fasi nilizaliwa — Kirumba. Mwaka niliingia jeshi — 2009. Matricule ilitoka yenyewe kwa kalamu, sikufikiri. Namba ya telefone yangu ninaisahauka. Ile hapana.

Paji ya pili nimeianza mara ine. Kwa radio ya jeshi walitufundisha kusema kifupi na wazi. Basi nimeandika vile:

"Tarehe 11 mwezi ya tatu 2014, saa tatu ya asubuhi, kamioni yetu ilikuwa inatoka Beni kupeleka chakula kwa kikosi upande ya Mbau. Tulikuwa batu kumi na nane. Mimi nilikaa nyuma, juu ya mifuko ya unga, na radio mugongoni. Masasi ilitokea upande ya kushoto. Dereva aliumia. Kamioni iliacha njia, ikapinduka. Mifuko na chuma ya kamioni ikanilalia kuanzia kiuno."

Kufika pale sikumbuke tena. Ninakumbuka tu harufu ya unga na ya mazout ya kamioni. Kisha hopitali, na yaya Emérence, dada yangu mukubwa, anaikala pembeni ya kitanda na thermos kwa magoti yake.

Ile harufu niliiandika, kisha nikaifuta. Commission itafanya nini na harufu?

Siku ya posho, 13/9

Nimemupata mushuhuda. Kahongya, wakati ule alikuwa sergent. Mutu aliniambia kama alikimbia vita kule Alimbongo na bibi yake na batoto, sasa anaishi Furu, anapasua mbao. Nikaenda kwa miguu. Nilipumuzika mara tatu, kiuno inawaka.

Alikuwa juu ya gogo na musumeno. Akanitambua mbele sijafika. Akashuka, akasimama wima kabisa, unga ya mbao kwa ndevu.

— Caporal. Nilifikiri ulikufa.

— Hapana, sergent. Niko.

Bibi yake akaleta kiti na chai. Nikamusomea paji ya pili. Alisikiliza mupaka mwisho, kisha akasema kuna kitu inakosekana. Ni yeye na wenzake wawili ndio walinitosha chini ya mifuko. Anasema: Ulikuwa unashika combiné ya radio kwa mukono. Ulikuwa umeshatoa position yetu mara mbili. Njo sababu musaada ilitufikia. Bila ile, sisi wote tungebakia pale.

Nikamuambia mimi sikumbuke. Siwezi kuandika kitu yenye sikumbuke, na chini inaandikwa "sur l'honneur", ni kiapo.

Akasema: Basi andika kama ni Kahongya anasema. Mimi ninakumbuka kila siku.

Nikaongeza mustari ile. Akatia saini pole pole, ulimi inje, kama mutoto ya masomo. Kisha akauliza: Na nyuma ya pale? Ulipona? Nikamujibu nilipona. Akaangalia kikombe yangu. Chai ilikuwa imepoa, sikuigusa. Kutoka Furu mupaka kwetu ni saa moja na nusu kwa hii miguu yangu.

Akarudia kwa musumeno yake.

Siku ya Mungu, 14/9

Kanisani. Banc ya mwisho, pembeni ya mulango, kama kawaida. Mahubiri ilikuwa ndefu, nilitoka mara mbili. Mama moja ya protocole, wale wanaikalisha batu kwa viti, akaninongoneza: Ni ugonjwa ya sukari, maman? Na tantine yangu anayo. Nikaitika kwa kichwa.

Nimedanganya ndani ya kanisa.

Siku ya kwanza, 15/9

Leo nilipeleka kwa adjudant Luc paji zote tatu. Ya tatu niliiandika jana kisha ya kanisa, haikukamata hata dakika kumi. Ninaiandika tena hapa ili niione:

"Ninatembea na kuchechemea kiloko. Sibebe muzigo ya nguvu. Zaidi ya pale, Mungu ananisaidia."

Paji ya kwanza, ya pili, aliitika. Kufika ya tatu, akatosha miwani.

— Maman Jokébed, umeandika kama mutu anaomba kazi.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema jeshi ilitufundisha kujibu "ça va, chef" hata kama matumbo iko inje, na ile jibu ndiyo inaua ma dossier. Vita commission wanaijua, kila mutu anawaandikia vita vizuri sana. Namna mutu anaishi leo — pale njo wanapima. Kwa kuchechemea kiloko watanipa kipimo kiloko, watafunga dossier, na haitafunguliwa tena.

— Andika siku moja tu. Tangu unaamuka mupaka unalala. Na andika kwa Swahili, tutatafsiri sisi. Kwa Français utajificha nyuma ya maneno.

Kisha akauliza kama kuna kitu ninaficha. Nikasema hapana.

— Sikuulize ni nini. Ninauliza kama iko.

Inje batu walikuwa wanapiga mulango, zamu yao. Akanirudishia karatasi.

— Iandike. Kama inakuletea haya, iandike mbele ya zingine.

Siku ya pili, 16/9

Nilisema hakuna mutu atasoma kaye hii. Na bado mukono inakatala. Niandike hapa kwanza, kisha nitaona.

Tangu kamioni, mukojo yangu inatokaka yenyewe. Si kila saa, mais kila siku. Asubuhi kitanda imelowana. Docteur alisema wakati ule: ni mishipa iliumia, itarudia. Haikurudia. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita.

Nimesoma tena. Ni kweli tu.

Siku ya ine, 18/9

Sijui nianzie wapi. Kwa meza.

Adjudant anataka maneno ya mutu mwenye ninaishi naye. Ni yaya Emérence, hakuna mwingine. Ananipita miaka kumi na moja. Mama yetu alikufa mimi nikiwa na mwaka moja, yeye njo alinikomalisha. Mume yake pia alikufa. Anauzisha avoka na vitunguu sokoni. Kusoma hapana kujua. Kwa hiyo alisema: mimi nitasema, wewe utaandika.

Alirudia kutoka sokoni saa nane. Akanawa mikono, akavaa kitambaa ya safi, akaikala wima kama wakati ya picha. Nilifikiri atasema juu ya muguu. Nilikuwa nimeshapanga maneno kwa kichwa.

— Andika jina yangu yote. Emérence Syauswa.

Nikaandika.

— Andika: Ninaishi na mudogo yangu tangu alitoka hopitali. Kila asubuhi, majirani hawajafungua milango, ninatosha nailon yenye iko chini ya shuka yake. Ninaiosha, ninaianika ndani ya chumba yangu, nyuma ya kabati.

Kalamu yangu ikasimama. Nilikuwa ninajua kama anajua. Yeye pia alikuwa anajua kama ninajua. Asubuhi ninatoka kuoga, ninarudia, kitanda ni kavu na inatandikwa — miaka kumi na moja. Hatukusemaka hata siku moja. Hata neno.

— Mbona umeacha? Andika.

Nikaandika.

— Andika kama sabuni inaisha mbio kwetu kuliko kwa batu ya batoto mingi. Andika kama wageni hawalali kwetu. Mudogo yangu alikuwa anaimba soprano, aliacha. Andika pia Ananie.

Nikauliza: Ananie gani?

— Ananie wa Kirumba. Ule mwenye alikuja hapa mara tatu.

Ninamukumbuka. Mutu mupole, bibi yake alikuwa amekufa, alikuwa analeta viazi. Mara ya tatu yaya alimurudisha kwa mulango. Nilifikiri ni juu ya ndevu yake, alikuwa anasemaka vibaya juu ya ile ndevu.

Yaya akasema, macho kwa ukuta, na sauti ya mutu anahesabu vitunguu:

— Alitaka kunioa. Mimi pia nilikuwa ninataka. Mais mwanaume akiingia hapa, atapita nyuma ya kabati, ataona. Mudogo yangu angekimbia nyumba. Njo nilikatala.

Nikaweka kalamu chini.

— Yaya, hii si maneno ya commission.

— Waliuliza namna tunaishi?

— Ndiyo.

— Tunaishi vile. Andika.

Niliandika. Ile "Ananie" haisomeke vizuri, nitaiandika upya. Akatia kidole kwa wino, akakandamiza chini ya paji kwa nguvu mupaka meza ikalia. Kisha akaenda kupanguza kidole na kuwasha makala ya kupika maharagi.

Nilibakia pale. Nilitaka kumuambia pardon. Nikaenda kuchagua maharagi pembeni yake. Tulichagua mawe.

Siku ya tano, 19/9

Leo sikufungua kibanda. Nimeandika paji ya tatu tangu saa mbili mupaka saa saba. Nilifikiri nitalia. Nilikasirika — na ile kasirani ilikuwa muzuri, ilisukuma kalamu. Kama yaya aliweza kusema ukuta ikimusikiliza, mimi na karatasi nitashindwa?

Kipande moja niiweke hapa:

"Ninaamuka nimelowana. Ninaoga mbele batu hawajaamuka. Sinywe maji mbele ya saa sita. Kazi yangu ninaifanyia Mutiri juu choo iko hatua kumi nyuma ya kibanda. Batu wanafikiri nilichagua pale juu ya bateja. Nikicheka kwa nguvu, nikikohoa, nikiinua bidon, inatoka. Ninabeba nguo ya pili kwa saki kila siku. Kwa kanisa ninaikalaka kwa mulango. Sikuolewa, na mwenye aliniomba, Timothée, sikumuambia sababu. Tangu 2015 sijafika kwa kaburi ya mama yangu Kirumba, juu ya urefu ya njia. Hata mbele vita haijafunga ile njia, mimi nilikuwa nimeshafungiwa."

Mustari ya mwisho nimeufuta mara mbili na nimeurudisha mara mbili. Inabakia.

Siku ya kwanza, 22/9

Commission inataka récit ipigwe kwa mashini. Secrétariat public ya karibu ni ya Bénite. Bénite anaimba kwa chorale yenye niliacha, sauti ileile yangu. Nilizunguka barabara mara mbili, nikitafuta fasi ingine. Moja ilikuwa imefungwa, ingine imejaa wanafunzi. Nikarudia kwake.

Paji ya kwanza na ya pili alizipiga mbio mbio, vidole vinaruka. Kwa ile fasi ya combiné akaacha. Aliniangalia. Mama Jokébed, ni wewe huyu? Nikajibu ni Kahongya anasema. Akaendelea.

Kisha akanyoosha mukono akamate ya tatu. Sikumupatia. Nikasema: Hii nitaipiga mimi.

— Unajua clavier?

— Nitajua.

Akasimama, akanipatia kiti yake, akageuza écran upande ya ukuta. Bateja wakija, anawaambia kompyuta iko na kazi moja kubwa, murudie kesho. Yeye akaikala kwa mulango, mugongo kwangu, akakula mukate na avoka. Mimi nilipiga na kidole moja. Tangu saa ine mupaka saa tisa na nusu, na kati kati nilikwenda kwa choo yake mara tatu. Neno "mukojo" inaandikwa mara sita ndani ya paji ile. Kila mara ninatafuta M kama mutu anatafuta sindano.

Wakati ya kutosha karatasi, imprimante ilitupa paji ile juu, herufi wazi, mbele ya mutu yeyote. Bénite alikuwa karibu kuliko mimi. Akaigeuza chini bila kuiangalia, akaitia ndani ya farde ya karatasi pamoja na zingine, akanipatia.

Kisha akasema tu: kwa chorale soprano wamebakia wawili, na mwingine anakohoa.

Siku ya tatu, 24/9

Adjudant Luc alisoma yote, na ya yaya. Alisoma pole pole. Hakusema ni vizuri, hakusema pole. Akapiga kachet ya bureau chini ya kila paji. Mara tatu, kisha ya ine kwa kidole ya yaya.

Kisha akasema: Kule Beni, kila mutu anasoma récit yake yeye mwenyewe. Kwa sauti.

Hakuna mutu aliniambia ile. Nikasimama, karibu nimupokonye karatasi. Nikauliza wako wangapi. Anasema tano. Wanaume ine, na mama moja docteur. Na inje batu wanangojea, madirisha haina vioo vyote.

— Mutu hawezi kunisomea?

— Anaweza. Mais watafikiri ni mwingine aliandika. Kuna batu wanauzisha ba récit, maman. Wamezisikia mingi.

Nikavaa saki yangu. Kwa mulango nikageuka, nikamuambia: Nitasoma.

Siku ya Mungu, 28/9

Sikuenda kanisani. Nilisomea yaya jikoni, yeye anamenya mihogo. Mara ya kwanza nilifika nusu. Mara ya pili nilisoma mbio, akasema: unakimbizwa na nani? Mara ya tatu nilifika mwisho. Akatupa maganda kwa mbuzi, akasema: Sasa soma kama hata mimi siko hapa.

Nikasoma mara ya ine.

Siku ya tatu, 1/10

Beni. Tumelala kwa dada moja ya kanisa, nyuma ya rond-point. Yaya amelala tayari, amechoka.

Njia ile ya Beni sijaipita tangu waliniteremusha kutoka hopitali, ninalala kwa machela. Jana sikukunywa tangu saa sita. Leo asubuhi yaya akaweka kikombe ya maji mbele yangu, akasimama pale.

— Kunywa. Utaanguka mbele yao, watasema ni kifafa.

Nikakunywa. Yote.

Voiture ilijaa, sisi tuko kwa kiti ya nyuma. Kufika karibu na Maboya nilijua sitaweza. Zamani ningevumilia mupaka ingetoka, kisha ningefunika na kitambaa na kukaa kimya mupaka mwisho ya njia. Nikasema, sauti ya kazi, ile ya radio: Chauffeur, simama. Ninahitaji choo.

Akasimama. Ni vile tu. Kuna nyumba ya mama moja anauzisha ndizi, akanionyesha nyuma ya boma. Niliporudia, papa moja ya mbele alikuwa ananung'unika kama tutafika kisha ya saa. Yaya akamuangalia, sijui namna gani, sikuona uso yake. Papa akafungua dirisha, akaangalia mashamba.

Kabasha, tena: Chauffeur, simama. Mara hii papa mwenyewe akashuka, akaenda upande yake.

Siku ya ine, 2/10

Saa tatu. Tuko inje ya bureau, chini ya hangar. Batu kama makumi ine. Magongo, mikono yenye haiko, moja haone, bibi yake anamushika kwa kola. Wanawake wenye waliitwa juu yao wenyewe tuko wawili. Mwingine ni muzee kuliko mimi, hasemeshi mutu. Sauti za ndani zinatoka kwa dirisha, ni kweli hakuna vioo. Tunasikia kila mutu. Tunajifanya kama hatusikie.

Saa tano na nusu. Ninaandika kwa banc, niandike mbele sijasahau.

Waliniita. Meza ndefu, wote tano. Président ni colonel wa zamani, mvi, sauti ya taratibu. Nikasimama. Akaniambia nikae, nikasema nitasoma nikisimama. Ya kwanza, ya pili. Kwa ile ya combiné, moja wao akaandika kitu. Nikageuza karatasi.

"Ninaamuka nimelowana." Sikuangalia mutu. Nilisoma kama hata mimi siko pale. Kufika kwa saki na nguo ya pili, Président akainua mukono.

— Inatosha, maman. Tumeelewa.

Alitaka kunisaidia, niliona kwa uso. Na muguu yangu moja ilikuwa imeshageuka kwa mulango, juu ilikuwa inataka sana kusaidiwa. Nikamujibu:

— Mon colonel, haijaisha. Acha nimalize.

Akashusha mukono. Nikamaliza. Kaburi ya mama, njia, vyote.

Mama docteur akauliza ni mara ngapi kwa siku, vile mutu anauliza umri. Nikamujibu. Inatoka ukilala tu ao hata ukitembea? Nikamujibu. Aliandika. Kisha moja mwenye kravate, kwa mwisho ya meza, anasema ugonjwa kama huu wanawake wanaupataka kwa kuzaa, tunajuaje ni kamioni? Nikamuambia sijazaa. Anasema: Basi inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo. Karatasi ya hopitali inasema mufupa tu.

Nilikuwa na jibu, mais Président akasema nitoke, mushuhuda wa nyumba aingie.

Yaya aliingia. Alipita karibu yangu kwa mulango, alikuwa ameshikilia saki yake mbele kwa mikono miwili kama sahani ya chakula. Mulango ikafungwa. Mimi niko chini ya dirisha.

Wamemusomea maneno yake, ameitika. Nailon, sabuni. Ananie pia wamesoma. Ameitika.

Sasa ni sauti ya yule wa kravate. Anauliza kama mudogo yake hakuwa vile tangu utoto.

Kiti inalia. Nafikiri yaya amesimama.

— Mama yetu alikufa huyu akiwa na mwaka moja. Mimi njo nilimubeba, mimi njo nilimufulia. Kufika miaka miwili alikuwa mukavu. Alikuwa mukavu mupaka siku mulimupandisha kwa kamioni yenu.

Yule mwenye haone amegeuza sikio kwa dirisha. Yule mama muzee ameacha kuangalia miguu yake, ananiangalia mimi.

Ndani ni sauti ya Président. Anasema: Rudilia, maman, pole pole. Greffier anaandika.

Yaya anarudilia. Anaanza tangu mama yetu, neno kwa neno, anangojea kalamu ya yule mutu, na hapunguze sauti.